Kutoka Kiti cha Kuzamishia hadi Gwaride: Historia ya Vitenzi-Virai vya Kukaripia katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vitenzi-virai visivyo rasmi vya Kiingereza vinavyotaja tendo la kumkaripia mtu kwa hasira, hususani "tell off", "dress down", "tick off", "bawl out" na "chew out". Hoja kuu ni kwamba vitenzi hivi si visawe vitupu vya kitenzi kikongwe "scold". Vilijaza nafasi ambayo kitenzi hicho hakikuweza kuijaza barabara, yaani karipio la mwenye cheo kwa aliye chini yake. Kwa karne nyingi "scold" lilikuwa jina la kosa la jinai lililomlenga mwanamke, ilhali vitenzi-virai vilitoka karakanani, kwenye orodha na kwenye gwaride. Makala yanaonesha jinsi kijineno kinachoandamana na kitenzi kinavyobeba matokeo ya karipio, kisha yanalinganisha mbinu hiyo na minyambuliko ya Kiswahili. Mfasiri anashauriwa kuuliza nani anamkaripia nani kabla ya kuchagua neno.

1.0 Utangulizi

Katika kufundisha tafsiri kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapa wanafunzi sentensi moja fupi ya Kiingereza: "The sergeant told him off." Majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaoandika "Sajini alimwambia aondoke", kwa kuwa wanaijua maana ya "tell" na maana ya "off", wakaziunganisha. Wapo waliokwishafungua kamusi, nao huandika "Sajini alimgombeza." Kosa la kundi la kwanza ni rahisi kulisahihisha, kwani maana ya kitenzi-kirai mara nyingi haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Jibu la kundi la pili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Si kosa la kisarufi, wala kamusi haikudanganya. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anayekutana na sajini "anayemgombeza" askari wake huhisi kwamba gwaride limehamia jikoni.

Chanzo cha hisia hiyo hakiko katika Kiswahili peke yake. Kiingereza chenyewe kina vitenzi vingi vya kukaripia, na wingi huo una historia. Swali linaloongoza makala haya ni hili: kwa nini lugha iliyokuwa tayari na "scold", "chide", "berate", "upbraid" na "rebuke" ilihitaji, hasa kati ya karne ya 19 na ya 20, kundi jipya la vitenzi-virai vya mtaani kwa tendo lilelile? Jibu ninalolitetea ni kwamba tendo halikuwa lilelile.

Neno "kitenzi-kirai" linatumika hapa kwa maana ya kitenzi kinachoandamana na kijineno kimoja au zaidi, kama vile "off", "down", "out" au "into", na kwa pamoja vikaunda maana moja. Vijineno hivyo, vikiwa peke yake, huwa vielezi au vihusishi.

2.0 Kijineno Kabla na Baada ya Kitenzi

Ili kuelewa vitenzi vipya ni lazima kwanza kutazama vikongwe. "Upbraid", kitenzi ambacho leo kina sauti ya kitabuni, kilikuwepo tangu Kiingereza cha Kale. Kimeundwa na "up" pamoja na kitenzi kilichomaanisha kusogeza kwa ghafla au kusuka, hivyo maana yake ya awali ilikaribia kumtolea mtu kosa lake hadharani kama hoja ya kumlaumu. Kwa maneno mengine, hata wakati huo Kiingereza kilitumia kijineno cha mwelekeo kutaja lawama. Tofauti ni mahali pake: kilitangulia kitenzi na kuganda nacho kama kiambishi awali. "Berate", kitenzi cha karne ya 16, kinafuata umbo hilohilo, kwa kuwa ni kitenzi kikongwe "rate", kilichomaanisha kukaripia, kilichotanguliwa na kiambishi "be-".

Katika Kiingereza cha Kati mfumo huu ulilegea. Viambishi awali vingi vya vitenzi vilidhoofika, maneno ya Kifaransa yalimiminika baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na kijineno kikahamia nyuma ya kitenzi. Kumbukumbu za Peterborough, ambazo zinaishia mwaka 1154, hutajwa na wanahistoria wa lugha kama mojawapo ya matini za mapema zenye muundo huo mpya, ukiwamo ule uliozaa "give up" ya leo. Kuanzia hapo muundo uliendelea kukua, ingawa wanasarufi hawakuupa heshima kubwa. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliutambua kama sehemu ya lugha inayowatatiza zaidi wageni, naye akafanya juhudi ya kuukusanya. Jina "phrasal verb" lenyewe lilikuja baadaye sana. Lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, ambamo alieleza kuwa alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford.

Matokeo ya kihistoria ni mgawanyo wa rejista. Kazi za dini, sheria na shule zilipendelea vitenzi vya asili ya Kifaransa na Kilatini, kama "rebuke", "reprimand" na "admonish". Muundo wa kitenzi na kijineno ukawa mali ya soko, karakana na kambi. Vitenzi-virai vya kukaripia vilizaliwa upande huo wa pili, na alama ya kuzaliwa huko haijafutika hadi leo.

3.0 "Scold": Neno Lililofungwa na Sheria

Kati ya vitenzi vikongwe, "scold" ndicho kilichokuwa karibu zaidi na maana tunayoijadili. Kilianza kama nomino. Wanaetimolojia wengi hulihusisha neno hili na "skáld" la Kinorse cha Kale, lenye maana ya mshairi, wakikumbuka kwamba washairi wa kaskazini walikuwa pia mafundi wa tungo za kumdhihaki mtu. Katika Kiingereza nomino hiyo ilimtaja mtu mwenye kinywa kichafu, kisha ikamwelemea mwanamke mgomvi. Kitenzi kilifuata katika karne ya 14.

Jambo ambalo halikupata uzito wa kutosha katika masomo ya semantiki ni kwamba neno hili liliingia mahakamani. Katika sheria ya jadi ya Uingereza, "common scold" lilikuwa jina la kosa: mtu ambaye kwa ugomvi wake wa kila mara aliwasumbua majirani na kuvunja amani ya mtaa. William Blackstone, katika juzuu ya nne ya maelezo yake kuhusu sheria za Uingereza, iliyotoka mwaka 1769, alibainisha kwamba jina la Kilatini la kosa hilo, "communis rixatrix", lina umbo la kike, na kwa hiyo mwanamume hakuweza kushtakiwa kwalo. Ngeli ya neno ilikuwa sehemu ya sheria.

Adhabu yake ilikuwa kiti cha kuzamishia. Mwanamke alifungwa kwenye kiti kilichowekwa mwishoni mwa mti mrefu, kisha akachovywa mtoni au bwawani mbele ya umati. Scotland na kaskazini mwa Uingereza ilikuwako pia lijamu ya chuma iliyofungwa kichwani, yenye kipande cha kuzuia ulimi. Mji wa Leominster hutajwa kuwa ndipo kiti hicho kilipotumika kwa mara ya mwisho Uingereza, mwaka 1809. Ng'ambo ya Atlantiki, mwandishi Anne Royall alitiwa hatiani kwa kosa hilohilo jijini Washington mwaka 1829. Mahakama haikumzamisha, bali ilimtoza faini ya dola 10. Katika Uingereza na Wales kosa hilo liliondolewa rasmi na Sheria ya Jinai ya mwaka 1967.

Historia hiyo iliacha mabaki katika maana. Kitenzi "scold" kilipanuka, na leo mzazi wa jinsi yoyote aweza kumfanyia mtoto tendo hilo. Lakini bado kinadokeza kelele za kujirudia, sauti ya nyumbani na nguvu isiyo na cheo. Mtu aliyeitwa "a scold" alikuwa anasema bila mamlaka ya kusema, na hilo ndilo lililofanywa kosa. Ofisa wa jeshi au msimamizi wa kiwanda aliyetaka kutaja ukali wake kwa walio chini yake asingeliokota neno hilo kwa moyo mweupe, kwa kuwa lingemvua cheo alichokuwa anakitumia.

4.0 Karakana, Orodha na Gwaride

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa kutoka mahali pengine. Tuanze na "dress down". Kitenzi "dress" kiliingia kutoka Kifaransa cha Kale kikiwa na maana ya kunyoosha au kupanga, na mzizi wake wa Kilatini ndio uliozaa pia "direct". Mafundi walikitumia kwa kazi ya kulainisha ngozi, kuchonga jiwe na kuandaa mbao. Jeshi lilikitumia kwa kupanga safu. Kutoka katika maana ya kuisugua na kuipiga ngozi hadi ilainike, nomino "dressing" ilianza katika karne ya 18 kutaja kipigo na karipio kwa kejeli. Katika karne ya 19 umbo "dressing-down" likawa limeenea Marekani na Uingereza. Sitiari iko wazi: anayekaripiwa ni malighafi, na anayekaripia ni fundi anayeirekebisha. Karipio halielezwi kama kelele bali kama kazi yenye lengo.

"Tell off" kinatoka kwenye hesabu. "Tell" ya kale ilikuwa na maana ya kuhesabu, kama ilivyo hadi leo kwa ndugu yake wa Kijerumani "zählen", na mabaki yake yamo katika "teller", yaani karani wa benki anayehesabu fedha. Jeshini "tell off" kilimaanisha kuhesabu askari, kuwatenga kutoka kwenye kundi na kuwapangia zamu. Maana ya kukaripia inaonekana mwanzoni mwa karne ya 20. Ninapendekeza kwamba daraja kati ya maana hizo mbili ni tendo la kutengwa. Askari aliyetajwa kwa jina na kutolewa mstarini, mbele ya wenzake wote, amekwishapata nusu ya adhabu kabla neno kali halijasemwa.

"Tick off" kinaimarisha tafsiri hiyo. Hiki nacho ni kitenzi cha orodha: kuweka alama kando ya jina au bidhaa iliyokwisha kukaguliwa. Maana ya kukaripia ilijitokeza katika Kiingereza cha Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, enzi ambayo mamilioni ya raia waliishi kwa majina yao kuitwa na kuwekewa alama. Inafaa kukumbusha hapa kwamba Marekani umbo hilohilo lilishika njia nyingine na kumaanisha kumuudhi mtu. Msemaji wa London "aliyekuwa ticked off" amekaripiwa. Wa Chicago amekasirika. Mfasiri asiyejua matini yake imetoka upande gani wa bahari anaweza kumgeuza mkosaji kuwa mwenye malalamiko.

Marekani ilichangia vitenzi vyenye sauti na meno. "Bawl out" kilienea mwanzoni mwa karne ya 20. "Bawl" peke yake kilitumika zamani kwa mlio wa mnyama, kikahamia kwa binadamu anayepaza sauti. "Chew out" ni zao la lugha ya wanajeshi wa Marekani, na Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyokieneza. Tofauti na "dress down", hapa fundi hayupo. Yupo mkubwa anayemtafuna mdogo. Lakini uhusiano wa cheo ni uleule: anayetafuna ni ofisa, anayetafunwa ni kuruta.

Kigezo kimoja cha kimofolojia kinathibitisha umoja wa kundi hili. Vyote vitano huzaa nomino ya tukio: "a telling-off", "a dressing-down", "a ticking-off", "a bawling-out", "a chewing-out". Nomino hiyo hupewa, hupokewa na huhesabika. Mtu anaweza kusema alipata mbili wiki iliyopita. Karipio limekuwa kitu kinachotolewa na ofisi, mithili ya barua.

5.0 Kazi ya Kijineno

Wanaisimu waliochunguza muundo huu, kuanzia Arthur Kennedy mwaka 1920 hadi Dwight Bolinger mwaka 1971, walionesha kwamba kijineno si pambo. Huongeza mwelekeo, ukamilifu au matokeo. Katika uwanja wa karipio tunaweza kutenga makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la matokeo. "Off" humtenga mtu, "down" humshusha, "out" humaliza tendo kabisa, kama anayetafuna mpaka pasibaki kitu. Kisintaksia, yambwa ya vitenzi hivi huweza kukaa kati ya kitenzi na kijineno, na ikiwa ni kiwakilishi hulazimika kukaa hapo: "told him off", kamwe si "told off him". Anayekaripiwa amebanwa kati ya tendo na matokeo yake.

Kundi la pili ni la shabaha: "lay into", "tear into", "light into", "come down on". Haya asili yake ni mapigano. "Lay into" kilimaanisha kumshushia mtu mapigo kabla ya kumshushia maneno. Hapa yambwa haiwezi kuingia katikati. Hukaa mwisho, mahali shabaha inapokaa. Cheo hakihitajiki. Jirani anaweza "kumlay into" jirani, na mtoto mzazi wake. Kwa hiyo tofauti ya sintaksia inaendana, kwa kiasi kikubwa, na tofauti ya pragmatiki: vitenzi vya matokeo huelekea kudai mamlaka, vya shabaha vinadai hasira tu.

6.0 Kiswahili Kinafanyaje?

Kiswahili hakina haja kubwa ya vijineno kwa kuwa kina minyambuliko. Tofauti tuliyoiona kati ya shabaha na matokeo tunaikuta ndani ya kitenzi chenyewe. Kauli ya kutendea huelekeza hasira kwa mtu: foka huwa fokea, waka huwa wakia, nguruma huwa ngurumia, shuka huwa shukia. Mtu "aliyemshukia" mwenzake amefanya jambo linalokaribiana mno na "come down on". Kauli ya kutendesha, kwa upande wake, inaonekana katika gombeza, iliyotokana na gomba. Gomba huhitaji wawili. Gombeza humwachia mmoja sauti na mwingine kimya.

Kiswahili kina pia muundo unaofanana na kitenzi-kirai, nao ni "kumjia juu mtu". Ulinganisho wake na "dress down" unafundisha. Katika Kiingereza kijineno "down" kinatuambia aendako anayekaripiwa. Katika Kiswahili "juu" inatuambia inakokwenda hasira ya anayekaripia. Lugha moja inapima matokeo kwa mdogo, nyingine inapima mpando wa mkubwa au wa yeyote aliyekasirika. Mfasiri anayeweka "alimjia juu" mahali pa "dressed him down" amehamisha jicho la msomaji kutoka kwa askari aliyeshushwa hadi kwa sajini aliyepandwa na hasira, ilhali sajini wa matini chanzi huenda hakupandisha hata sauti.

Zaidi ya umbo kuna suala la nani na nani. Kemea hudai mamlaka ya kimaadili, ndiyo maana viongozi hukemea rushwa na wachungaji hukemea pepo. Karipia ni ya mkubwa kwa mdogo, shuleni, kambini au ofisini, nayo huzaa nomino karipio, inayoweza kutolewa na kupokewa kama zile za Kiingereza. Gombeza ni ya nyumbani zaidi. Fokea haijali cheo; inajali sauti. Kumsema mtu, kwa matumizi ya Tanzania, ni kumwonya kwa maneno mengi, japo kitenzi hichohicho chaweza kumaanisha kumteta, na muktadha ndio unaoamua.

Suta inastahili aya yake. Kumsuta mtu ni kumweka hadharani pamoja na uongo au uzushi wake. Katika miji ya pwani na katika mitaa ya Uswahilini, kusutana kumekuwa shughuli ya wanawake, yenye mashahidi na mara nyingine ngoma. Ukilinganisha na historia ya "scold", utaona jamii mbili zilizoutazama ulimi wa mwanamke kwa namna mbili. Huko ulimi wenyewe ulishtakiwa na kuzamishwa majini. Huku umewahi kupewa uwanja, ukawa mahakama ya mtaa inayomhukumu mzushi. Hiyo haimaanishi kwamba jamii yetu haikumdharau mwanamke msemaji. Methali na vijembe vinathibitisha kinyume. Inamaanisha kwamba suta haiwezi kutumika kama tafsiri ya "scold" wala ya "tell off", kwa sababu inadai ushahidi na hadhira, na haidai cheo.

Tofauti hizi si za darasani pekee. Katika shauri la kazi, aliyesema "bosi alinifokea" analalamikia mwenendo. Aliyesema "bosi alinikaripia" anakiri kwamba aliyesema alikuwa na haki ya kusema. Na neno onyo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ni hatua ya kinidhamu inayowekwa kwenye jalada. Mkalimani anayezitafsiri zote kwa "scolded" amefuta lalamiko, kukiri na jalada kwa mkupuo mmoja. Anayekwenda upande wa pili, akageuza kila "told off" kuwa fokea, amempa mkubwa hasira ambayo pengine hakuwa nayo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili vitenzi ambavyo kamusi nyingi hupenda kuviweka chini ya kisawe kimoja. Historia inavitenganisha. "Scold" kimebeba mashtaka ya wanawake waliosema bila kupewa ruhusa. "Dress down" kimebeba mkono wa fundi, "tell off" na "tick off" vimebeba orodha ya majina, "chew out" kimebeba meno ya ofisa. Vijineno vyao vinaeleza mtu aliyekaripiwa ameachwa wapi: kando, chini, au amekwisha.

Kwa watunga kamusi, pendekezo ni kwamba kila kitenzi-kirai cha uwanja huu kipewe kidahizo chake, pamoja na maelezo mafupi ya uhusiano wa wahusika na ya upande wa bahari kinakotumika. Kwa wafasiri, pendekezo ni kutoanza na neno bali na cheo. Tukirudi kwa sajini wetu, "alimkaripia" ndilo jibu ninalolikubali, na mwanafunzi anayeandika "alimtoa mstarini akamkaripia" hupata alama ya ziada, kwa kuwa amesikia ndani ya "off" kitu ambacho Waingereza wengi wenyewe wamekwisha kukisahau.